Kipandauso chenye maluweluwe na moyo wako: hatua za kufuata

Mi ni fundi cherehani, na mara ya kwanza kuona maluweluwe nilikuwa natia bitana kwenye gauni la sendofu, Ijumaa jioni, mteja anakuja kulichukua Jumamosi asubuhi. Nikawa naitafuta sindano ya cherehani siioni. Kitambaa nakiona, mguu wa cherehani nauona, ila pale penye sindano pana kidoa cha mwanga, nikafikicha macho, nikafuta miwani, kidoa kipo palepale. Baada ya kama dakika tano kikafunguka kikawa mstari uliopinda, kona kona tupu, kama mshono wa zigizaga uliopigwa kwa uzi wa fedha, unametameta, unatambaa taratibu kwenda kushoto huku unakua, mpaka ukatokea pembeni ya jicho ukapotea. Alafu vidole vya mkono wa kushoto vikafa ganzi kimoja baada ya kingine, ikapanda mpaka kwenye mdomo. Ilipoisha hiyo ndo kichwa kikaja, upande mmoja, kinagonga, na kutapika juu.

Miaka mingi nilikuwa nakiita "kichwa changu" tu, kumbe ni kipandauso (migraine), na ile zigizaga na ganzi ya mwanzo ndo maluweluwe yake (aura). Mama akasema presha, jirani akasema nimetupiwa kitu, mi nikawa nakimbilia duka la dawa nanunua diklofenaki ili kazi ya watu iishe. Na muda wote huo nilikuwa nameza vidonge vya majira nilivyopewa kliniki moja nikiwa na miaka 27, pale nilipimwa uzito, nikaulizwa hedhi ya mwisho lini, nikapewa pakiti tatu nikaondoka. Hakuna aliyeniuliza habari ya kichwa na mi sikujua kama kichwa na vidonge vina undugu wowote. Nimekuja kujua nina miaka 34, kwa daktari aliyeniuliza, "Dada, kabla kichwa hakijaanza huwa unaona nini?" Nikamchorea zigizaga yangu kwenye karatasi. Akaweka kalamu chini, akaanza kuuliza natumia njia gani ya uzazi wa mpango, presha yangu mara ya mwisho ilisoma ngapi, navuta sigara au sivuti, na kwetu kuna mtu aliyepata kiharusi au shambulio la moyo akiwa bado kijana. Nimeenda na kichwa, tunaongea moyo.

Basi nimeandika hapa mambo yote ambayo ningependa mtu angenipa mapema, kwa mpangilio wa kuyafanya.

Kwanza uhusiano wenyewe, ili ujue tunaongea kitu cha ukubwa gani. Denmark walichukua watu zaidi ya 51,000 wenye kipandauso wakawalinganisha na wengine zaidi ya 500,000 wasio nacho, matokeo yakatoka 2018. Baada ya miaka 19, katika kila watu 1,000 wenye kipandauso 45 walipata kiharusi cha damu kuganda, wale wengine ni 25. Shambulio la moyo 25 kwa 17. Mapigo ya moyo yaliyovurugika, ile ambayo madokta wanaiita atrial fibrillation, 47 kwa 34. Marekani nako walifuatilia manesi wanawake zaidi ya 115,000 kwa miaka 20, wenye kipandauso hatari yao ya magonjwa ya moyo na mishipa ikaonekana kama mara moja na nusu ya wenzao. Sasa zisome hizo namba taratibu, usishtuke: kwenye wale 1,000 wa Denmark, 955 hawakupata hicho kiharusi. Hatari ya mtu mmoja mmoja, hasa kijana, ni ndogo. Ila haigawanyiki sawa, imelalia zaidi kwa wenye maluweluwe, na inapanda vibaya pale maluweluwe yanapokutana na sigara, presha, au vidonge vya homoni ya estrojeni. Hapo ndo pa kufanyia kazi.

Hatua ya 1: jua kama kipandauso chako kina maluweluwe

Watu wengi wenye kipandauso hawana hii kitu, wanaopata ni kama mmoja kati ya watatu au wanne. Na kuona giza kidogo au mwanga kukukera wakati kichwa tayari kinauma siyo yenyewe, hiyo wenye kipandauso karibu wote wanapata. Yenyewe kwa kawaida inakuja kabla, inaanza ndogo inakua taratibu kwa dakika tano au zaidi, inakaa kati ya dakika tano na saa moja, alafu inaondoka yote. Mara nyingi ni macho: mistari ya kumetameta, kona kona, au shimo katikati ya unachokiangalia. Wengine ni ganzi inayotambaa kutoka vidoleni mpaka shavuni, wengine maneno yanagoma kutoka.

Kwa nini inatambaa? Kwa sababu ni wimbi la umeme linalopita juu ya ubongo taratibu sana. Kuna mtafiti wa Marekani, Karl Lashley, mwaka 1941 alichukua michoro ya maluweluwe yake mwenyewe akapiga hesabu akapata linatembea kama milimita 3 kwa dakika. Niliposoma hivyo nilifarijika sana, kumbe ile zigizaga yangu wengine walishaichora kabla mama yangu hajazaliwa.

Cha kufanya: chukua daftari au simu yako, siku ikitokea angalia saa. Imeanza saa ngapi, imeisha saa ngapi, jicho moja au yote mawili (ziba jicho moja moja uone, watu wengi wanadhani ni jicho moja kumbe ni upande mmoja wa yote mawili), ganzi ipo au haipo, kichwa kimekuja au hakijaja. Chora hata kama hujui kuchora. Mchoro mmoja unamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Hatua ya 2: jua kisichokuwa kipandauso

Hapa naomba usome polepole.

Kiharusi kinakuja ghafla, kama umeme umekatika. Maluweluwe yanatambaa. Kiharusi kinaondoa vitu, mkono unalegea, mdomo unapinda upande, maneno yanakuwa ya kilevi, jicho linaingia giza. Maluweluwe ya macho mara nyingi yanaongeza, unaona mwanga ambao haupo. Ukiona uso umepinda, mkono haunyanyuki, au mtu anaongea haeleweki, usikae kuangalia saa, usimpake mafuta, usimpe aspirini ukidhani unamsaidia (kama ni damu imevuja ubongoni unaongeza balaa), tafuta gari sasa hivi mwende hospitali kubwa, na mkumbuke ilianza saa ngapi maana hilo ndo swali la kwanza mtakaloulizwa.

Kichwa kinacholipuka ghafla kikafika mwisho wa maumivu ndani ya dakika moja, hospitali. Kichwa chenye homa na shingo ngumu, hospitali. Maluweluwe yaliyopita saa moja hayaondoki, au yaliyoanza kwa mara ya kwanza ukiwa umeshafika miaka 40 na ushee, usiyachukulie poa.

Mjamzito aliyevuka miezi mitano, au mama aliyejifungua ndani ya wiki sita, akaanza kichwa kikali na kuona nyota nyota, hata kama zamani alikuwa na kipandauso, apimwe presha na mkojo siku hiyo hiyo. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba na kinaua haraka. Wifi yangu aliambiwa na watu wa nyumbani "ni kile kichwa chako cha siku zote", tukambeba kwa bodaboda saa nne usiku, presha ilikuwa 170 kwa 115. Yuko hai na mtoto yuko darasa la pili.

Alafu kuna kichwa cha moyo wenyewe, hiki wengi hatukijui. Mtu, mara nyingi amevuka miaka 50, akipanda ngazi au akibeba ndoo kichwa kinauma, akipumzika kinaisha. Kifua hakiumi kabisa. Huo unaweza kuwa moyo unalia njaa ya damu, maumivu yake yanasikika kichwani. Ni nadra, lakini mtu huyu akipewa dawa za kipandauso zinazokaza mishipa anaweza kuumizwa, kwahiyo kichwa kinachofuata kazi na kinachoisha na mapumziko kianzie kwenye kipimo cha moyo.

Hatua ya 3: pima presha, na uipime vizuri

Kwetu kila kichwa ni presha. Ukweli ni kwamba presha ya kawaida ya kupanda haiumi kichwa, mtu anatembea na 160 kwa 100 miaka kumi hajisikii chochote, kichwa cha presha kinakuja ikishafika juu sana, kama 180 kwa 120 na kupanda. Kwahiyo kuna makosa mawili hapa: mwenye kipandauso anameza dawa za presha za shangazi yake, na mwenye presha hapimi kwa sababu kichwa hakimuumi. Yote mabaya. Dawa pekee ya hili ni mashine.

Usipime siku kichwa kinauma tu, maumivu yenyewe yanapandisha. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika tano kimya, miguu chini usiipandanishe, kibofu kiwe tupu, usiwe umetoka kunywa kahawa wala kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Mkono uulaze juu ya meza usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kikae juu ya ngozi, siyo juu ya shati. Usiongee. Pima mara mbili, pumzika dakika moja katikati, andika zote. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku saba. Ikiwa wastani wa nyumbani unagusa 135 kwa 85 au zaidi, nenda kwa daktari, na ukipimwa hospitali mstari wao ni 140 kwa 90. Mashine ya kufunga juu ya kiwiko ndo nzuri, zile za kwenye kifundo cha mkono zinadanganya kirahisi.

Na ukienda hospitali kupima presha, waombe wakupime damu pia, sukari na kolestro. Sigara, na shisha pia maana kuna watu wanaitoa kwenye hesabu, kama unatumia na una maluweluwe basi hilo ndo la kwanza kuliacha kabla ya yote niliyoandika hapa.

Hatua ya 4: kina dada, angalieni njia ya uzazi wa mpango

Hii ndo hatua iliyonifanya niandike.

Vidonge vya majira viko vya aina mbili. Kuna vya homoni mbili, estrojeni na projestini, hivi ndo wengi tunavyovijua, pakiti nyingi zina vidonge 21 vya homoni na 7 vya rangi nyingine ambavyo mara nyingi ni madini ya chuma. Na kuna vya projestini peke yake, vile wanavyopewa sana wanaonyonyesha. Estrojeni inaongeza damu kuganda. Kipandauso chenye maluweluwe nacho peke yake kinaongeza hatari ya kiharusi kama mara mbili. Ukiviweka pamoja hatari inapanda zaidi, na kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani mwanamke mwenye kipandauso chenye maluweluwe, umri wowote, yuko kwenye kundi la 4 kwa njia za homoni mbili, maana yake asitumie. Kama huna maluweluwe na uko chini ya miaka 35 kwa kawaida unaruhusiwa, ukishafika 35 wanashauri usianze.

Sasa usije ukavitupa usiku huu alafu mwezi ujao una mimba ambayo hukuipanga. Tumia kondomu, nenda kliniki wiki hii, sema hivi hivi: "Nina kipandauso chenye maluweluwe, naomba njia isiyo na estrojeni." Ziko nyingi. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Vijiti vya mkononi, vidonge vya projestini peke yake, sindano ya miezi mitatu, vyote havina estrojeni na vinaweza kuanzishwa, ila ukiona maluweluwe yameongezeka baada ya kuanza rudi ukaseme. Mi niliwekewa kijiti. Maluweluwe sijaacha kuyapata, ila yamepungua, na nalala nikijua nimeondoa kitu kimoja juu ya mishipa yangu.

Na ukikaa mbele ya nesi hajakuuliza kichwa, mwambie wewe mwenyewe. Foleni ni ndefu na yeye kachoka, wala hana ubaya na wewe.

Hatua ya 5: hesabu dawa za maumivu

Chukua daftari lako la hatua ya 1, weka alama kila siku uliyomeza dawa ya kichwa. Parasetamoli au diklofenaki au ibuprofeni peke yake siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile za mchanganyiko (dawa mbili au zaidi kwenye kidonge kimoja), au ergotamini au triptani (dawa za kipandauso, nazieleza hapo chini) siku 10 au zaidi, ukiendelea hivyo miezi mitatu, dawa zenyewe zinaanza kuleta kichwa. Nilipohesabu mi nilikuta siku 19. Daktari alinipunguzia, wiki mbili za kwanza nilitamani kulia, wiki ya tano kichwa kikawa chepesi.

Diklofenaki kwa upande wa moyo siyo dawa ya kuichukulia kama pipi. Ulaya mwaka 2013 mamlaka ya dawa ilisema wenye moyo uliofeli, waliowahi kupata shambulio la moyo au kiharusi, na wenye mishipa iliyoziba wasiitumie kabisa. Inapandisha presha na inakaa vibaya na figo. Ukiwa mzima na ukaimeza mara moja moja siyo tatizo, ila kama una presha au shida ya moyo muulize mfamasia akupe kingine, na mwambie shida ni moyo, usiseme tu "nipe kitu cha kichwa".

Ergotamini ni dawa ya zamani na bado ipo madukani. Inakaza mishipa ya damu, kwahiyo mwenye presha isiyotulia au ugonjwa wa moyo haimfai. Na kuna mchanganyiko ambao ni hatari kabisa: ergotamini na dawa za ARV zenye ritonavir, ambazo mara nyingi wanapewa wale ambao ARV za mwanzo zimegoma, au ergotamini na erithromaisini au klarithromaisini. Ini linashindwa kuitoa ergotamini mwilini, mishipa inajikaza mpaka vidole vinakuwa baridi na vya bluu, mtu anaweza kupoteza mguu. Kama unatumia ARV na unaogopa kulisema dukani mbele ya watu, waite pembeni, au waoneshe jina la dawa kwenye simu. Lakini lisemwe.

Triptani, mfano sumatriptani, ni dawa nzuri sana ya kipandauso ukiipata, hapa kwetu ni ghali na siyo kila famasi inayo. Nayo inakaza mishipa, siyo kwa mtu aliyewahi kupata kiharusi, shambulio la moyo, au mwenye presha isiyotulia.

Kinyume chake pia kipo. Dawa za moyo zenyewe zinaweza kuleta kichwa. Vidonge vya naitreti wanavyopewa wenye maumivu ya kifua vinatanua mishipa, na kwa mwenye kipandauso vinaweza kukiamsha kabisa. Baba yako akianza dawa ya kifua kichwa kikaanza wiki hiyo hiyo, asiache dawa, arudi waliompa.

Hatua ya 6: shika mapigo yako

Wakati wa kipandauso moyo kwenda mbio ni kawaida, maumivu na kutapika vinaufanya hivyo. Tunachotafuta ni mpangilio. Weka vidole viwili chini ya dole gumba, kwenye kifundo, tafuta mpigo, hesabu dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha. Umekaa umetulia inatakiwa kati ya 60 na 100. Alafu sikiliza: moyo mzima unapiga kama cherehani iliyokaa sawa, mishono inalingana. Ukisikia inaruka, mmoja mrefu miwili mifupi, hakuna mpango, na inaendelea hivyo, nenda kafanye ECG, ile ya kubandikwa nyaya kifuani, haiumi na haichukui dakika kumi. Mapigo yaliyovurugika yanaacha damu ituame ndani ya moyo igande, donge likitoka linapanda kichwani.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Vijana wengi, hasa wasichana, wana valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya utotoni iliyotokana na maumivu ya koo yasiyotibiwa. Hawa wanapata mapigo kuvurugika na viharusi wakiwa na miaka 20 na kitu. Kwahiyo binti anayeumwa kichwa na pia anahema akipanda kilima, anashindwa kulala bila mito miwili, miguu inavimba jioni, asipelekwe kwa kesi ya kipandauso. Anahitaji eko, kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi kama ultrasaundi ya mimba. Kwa Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ndo kituo kikubwa cha haya mambo, hospitali za rufaa za mikoa nyingi zinaweza kuanza na ECG alafu zikakupa rufaa.

Kama huna dalili yoyote ya moyo, presha nzuri, mapigo sawa, huhitaji kukimbilia eko kwa sababu tu una maluweluwe. Hela hiyo nunulia mashine ya presha.

Hatua ya 7: lile tundu la kwenye moyo

Hapa ndo watu wengi wanapochanganyikiwa wakishaingia intaneti, na mi nilichanganyikiwa, nililala siku tatu nawaza upasuaji.

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu, damu inapita njia ya mkato, kuna kijimlango kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Akizaliwa akavuta pumzi ya kwanza kijimlango kinafungwa, baadaye kinashikana. Kwa mtu mmoja kati ya wanne hakishikani vizuri, kinabaki kama pazia lisilofungwa vifungo, ukikohoa au ukijikamua linafunguka kidogo. Madokta wanakiita PFO. Hii siyo ile "tundu kwenye moyo" ya watoto wanaokuwa bluu na kudhoofika, ni kitu kidogo, wengi wanazeeka nacho bila kujua.

Wenye maluweluwe wanakuwa nacho zaidi ya watu wengine. Wazo ni kwamba madonge madogo ya damu na kemikali ambazo kawaida zingechujwa na mapafu zinapita kwenye hilo pazia zinakwenda moja kwa moja kwenye ubongo zinaamsha lile wimbi. Hadithi yake ilianza na wapiga mbizi. Daktari wa moyo wa Uingereza, Peter Wilmshurst, alikuwa anawaziba PFO wapiga mbizi waliokuwa wanapata ugonjwa wa mapovu ya hewa kwenye damu, wengine wakamwambia kipandauso chao kimepungua au kimeisha, mwaka 2000 wakaandika.

Basi watu wakafurahi, wakafanya jaribio la kweli, likaitwa MIST, matokeo 2008. Walipima watu 432 wenye maluweluwe, 163 wakakutwa na kijimlango cha kati au kikubwa. Wakachukua watu 147, nusu wakazibwa, nusu wakalazwa na kuchanjwa kidogo tu ngozi bila kuzibwa, wasijue nani ni nani. Waliopona kabisa: watatu upande huu, watatu upande ule. Majaribio mawili yaliyofuata, 2016 na 2017, nayo hayakufikia lengo yaliyojiwekea, ingawa ndani yake walikuwepo wenye maluweluwe waliopata nafuu kubwa. Ndo maana hadi leo kuziba tundu kwa ajili ya kipandauso peke yake siyo tiba ya kawaida, na kifaa kinachoingizwa kwa mrija kupitia paja kina hatari zake, ikiwemo mapigo kuvurugika.

Anayefaidika wazi ni mwingine: mtu chini ya miaka 60 aliyeshapata kiharusi, wamepima kila kitu hawajaona sababu, wamekuta PFO. Huyo akizibwa uwezekano wa kiharusi cha pili unashuka, majaribio ya 2017 yalionesha hivyo. Kama ni wewe au ndugu yako, uliza kuhusu eko ya mapovu, wanapitisha maji yenye mapovu madogo kwenye mshipa wa mkono huku wanaangalia kama yanavuka upande wa pili. Kama siyo wewe, liache tundu.

Hatua ya 8: dawa za kuzuia ambazo zinagusa vyote viwili

Kama unapata kichwa siku nne au zaidi kwa mwezi, au hata kichache lakini kinakulaza kabisa, ongea na daktari kuhusu dawa ya kumeza kila siku. Mojawapo ya kwanza kabisa ni propranololi, dawa ya moyo. Mwaka 1966 mgonjwa wa kifua aliyekuwa anajaribishiwa propranololi ndo aligundua kipandauso chake kimetulia, tangu hapo imekuwa dawa ya kichwa pia. Ipo hapa, bei nafuu. Kama una presha na kipandauso inaweza kubeba mizigo miwili. Ila mwenye pumu asiiguse, mwenye mapigo ya chini sana pia, na ukishaanza usiiache ghafla, moyo unaweza kurudisha kwa hasira, inapunguzwa kidogo kidogo. Kandesatani, nayo ya presha, inasaidia kipandauso, Wanorwe waliipima 2003, lakini siyo ya mjamzito wala anayetafuta mimba. Amitriptilini ya usiku inatumika sana, mwenye shida ya umeme wa moyo afanyiwe ECG kwanza. Ipe dawa wiki nane kwenye dozi yake kabla hujasema haifanyi kazi. Mi niliacha propranololi wiki ya tatu nikaona wananidanganya, nikarudishwa, wiki ya saba nikashona harusi nzima ya mashangazi kumi na wawili bila kulala chini hata siku moja.

Kulala saa zile zile, kutoruka chakula, maji, kutembea nusu saa, hayo unayajua, yafanye, yanasaidia kichwa na moyo kwa pamoja.

Hatua ya 9: karatasi moja ya kwenda nayo

Daktari ana dakika chache. Andika kabla hujatoka nyumbani: umri wako, kichwa siku ngapi kwa mwezi, maluweluwe yapo au hayapo na mchoro wake, dakika ngapi, presha za siku saba, mapigo kwa dakika, sigara au shisha, njia ya uzazi wa mpango kwa jina (beba pakiti), dawa zote unazomeza pamoja na za kienyeji, nani kwenu alipata kiharusi au shambulio la moyo na akiwa na miaka mingapi. Chini kabisa andika maswali mawili: "Kwa hali yangu dawa ipi ya kichwa nisiimeze?" na "Nirudi kupima presha lini?" Usinyanyuke kwenye kiti mpaka yote mawili yajibiwe, na majibu yaandike kwenye karatasi hiyo hiyo ukiwa bado pale, maana ukifika kituo cha daladala ushasahau moja.